Jinsi ya kuichambua namba kubwa kwa kalamu na karatasi: mfano wa 1,234,567,890

Namba hii karibu kila mwenye kompyuta amewahi kuiandika. Ukitaka kujua kama kibodi inafanya kazi, unapitisha kidole kwenye mstari wa juu kuanzia 1 hadi 0, na mbele yako inatokea bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, elfu mia tano sitini na saba, mia nane na tisini. Unaifuta na kuendelea na kazi zako. Lakini ndani yake kuna nini? Inagawanyika kwa namba zipi? Ina vigawo vingapi? Ukiipasua hadi pasipopasuka tena, kinabaki nini?

Hapa nitaonyesha hatua kwa hatua namna ya kuichambua namba nzima yenye tarakimu kumi bila kompyuta. Kalamu na karatasi mbili zinatosha. Ukiwa na kikokotoo cha kawaida kitakupunguzia kazi ya kuzidisha, ila si lazima. Njia yenyewe inafaa namba yoyote kubwa utakayokutana nayo, na jambo ninalotaka ulishike ni mpangilio wake. Ukivuruga mpangilio utagawanya mara mamia. Ukiufuata, kazi iliyo nzito kuliko zote inaisha kwa jaribio moja, na utaliona jaribio hilo hapa chini.

Hatua ya 1: Soma tarakimu kabla ya kugawanya chochote

Anza na mkia. Namba inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 10, yaani kwa 2 na kwa 5. Usiishie hapo, uliza pia kama kila kimoja kinaingia zaidi ya mara moja. Kwa 4 tunatazama tarakimu mbili za mwisho: 90 haigawanyiki kwa 4, basi 2 imo mara moja tu. Kwa 25 tunatazama hizo hizo: 90 haigawanyiki kwa 25, basi 5 nayo imo mara moja.

Sasa jumlisha tarakimu zote: 1+2+3+4+5+6+7+8+9+0 = 45. Kwa kuwa 45 inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9.

Hapa kuna jambo zuri la kusimama kidogo. Namba yoyote inayotumia tarakimu zote kumi, kila moja mara moja, ina jumla hiyo hiyo ya 45, uzipange utakavyo. Namba za aina hiyo ziko 3,265,920, ukiacha zile zinazoanza na sifuri. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo namba tasa, maana zote zinagawanyika kwa 9. Umejua habari za zaidi ya milioni tatu ya namba kwa kujumlisha mara moja.

Tahadhari moja: kanuni ya kujumlisha tarakimu inafanya kazi kwa 3 na kwa 9, basi. Usiisogeze hadi 27. Kwamba 45 haigawanyiki kwa 27 hakukuambii lolote kuhusu namba yenyewe. Ukitaka kujua kama kuna 3 nyingine, gawanya kwanza kwa 9, kisha jumlisha tena tarakimu za jibu.

Hatua ya 2: Toa ulichokwisha kukipata

Ondoa 10, inabaki 123,456,789. Igawanye kwa 9 polepole. 12 kwa 9 ni 1, baki 3. Shusha 3, unapata 33: ni 3, baki 6. Shusha 4, unapata 64: ni 7, baki 1. Shusha 5, 15: ni 1, baki 6. Shusha 6, 66: ni 7, baki 3. Shusha 7, 37: ni 4, baki 1. Shusha 8, 18: ni 2, haibaki kitu. Shusha 9: ni 1. Jibu ni 13,717,421.

Jumla ya tarakimu zake ni 26, ambayo haigawanyiki kwa 3. Basi 3 zimekwisha. Tulipofika:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 13,717,421

Tarakimu kumi zimekuwa nane. Kuanzia sasa tunahangaika na 13,717,421 peke yake.

Hatua ya 3: Ondoa namba tasa ndogo, kwa makundi inapowezekana

Namba tasa zinazofuata ni 7, 11 na 13. Ungeweza kugawanya mara tatu, lakini 7 × 11 × 13 = 1,001, na hilo linatupa njia ya mkato. Kwa kuwa 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, unaweza kuikata namba kwa makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha ukatoa na kujumlisha kwa zamu: 421 − 717 + 13 = −283. Sahau alama ya kutoa, chukua 283. Ukiigawanya kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 10. Hakuna hata moja inayoingia, na tumezimaliza zote tatu kwa hesabu ya mstari mmoja.

Kwa 37 fanya hivyo hivyo, ila ujumlishe tu, kwa sababu 999 = 27 × 37. Unapata 13 + 717 + 421 = 1,151, kisha 1 + 151 = 152. Na 152 kwa 37 inabaki 4. Haiingii.

Zilizobaki katika kundi hili hazina mkato wa maana, kwa hiyo zigawanye kawaida: 17 inaacha baki 2, 19 inaacha 10, 23 inaacha 14, 29 inaacha 15, 31 inaacha 14. Andika pembeni ya karatasi orodha ya namba tasa zote ulizokwisha kuziondoa. Tutaihitaji.

Sasa simama. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea hapa hapa. Mara ya kwanza nilipoichambua namba hii niligawanya jioni nzima, namba tasa moja baada ya nyingine, nikavuka 200 bila kupata kitu. Kanuni inasema ujaribu hadi kwenye kipeuo cha pili cha namba, maana kama namba ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe chini ya kipeuo hicho au sawa nacho. Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni kama 3,703. Kama ningeendelea vile vile, kigawo cha kwanza ningekutana nacho kwenye namba tasa ya 504. Ingefika, lakini si kwa jioni moja.

Hatua ya 4: Badilisha njia, tafuta tofauti ya miraba miwili

Mwaka 1643 Mfaransa Pierre de Fermat alieleza kwenye barua njia nyingine kabisa. Namba yoyote witiri yenye vigawo viwili inaweza kuandikwa kama mraba mmoja kutoa mraba mwingine. Tuseme vigawo hivyo viko umbali sawa kutoka katikati yao: katikati tuite *a*, na umbali tuuite *b*. Basi vigawo ni *a − b* na *a + b*, na ukivizidisha unapata *a² − b²*. Kwa hiyo badala ya kuuliza "kipi kinaingia?", unauliza "katikati yao ni wapi?". Na katikati hiyo haiwezi kuwa chini ya kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Unaanzia kwenye kipeuo, unapanda.

Tafuta kipeuo kwanza. 3,700 × 3,700 = 13,690,000. Imepungua 27,421. Gawanya upungufu huo kwa 7,400, ambayo ni 3,700 mara mbili, unapata kama 3.7. Kipeuo ni takribani 3,703.7. Kwa hiyo namba nzima ya kwanza ya kujaribu ingekuwa 3,704.

Lakini subiri, kuna kazi tunayoweza kuiokoa. Mraba wowote ukiugawanya kwa 4 unaacha baki 0 (kama namba iliyozidishwa ni shufwa) au 1 (kama ni witiri). Namba yetu 13,717,421 inaishia na 21, basi kwa 4 inaacha baki 1. Ili *a²* kutoa *b²* iache baki 1, lazima *a* iwe witiri na *b* iwe shufwa. Hakuna namna nyingine. Kwa hiyo 3,704, ambayo ni shufwa, haina haja ya kujaribiwa. Tunaruka moja kwa moja hadi 3,705.

3,705 × 3,705: chukua 13,690,000, ongeza 37,000, ongeza 25. Unapata 13,727,025.

Toa namba yetu: 13,727,025 − 13,717,421 = 9,604.

Je, 9,604 ni mraba? 100 × 100 ni 10,000. Shuka hadi 98: 10,000 − 400 + 4 = 9,604. Ndiyo. *b* ni 98.

Basi vigawo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803. Jaribio moja! Namba tasa 491 zilizoko kati ya 37 na 3,607 tumeziruka kwa kutoa mara moja.

Kama ungekuwa hujui ule mkato wa baki 1, ungejaribu 3,704 kwanza na kupata tofauti ya 2,195. Hata hapo usingehitaji kutafuta kipeuo chake, kwa sababu mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25. Hiyo inaishia na 95, basi itupe. Kichujio hiki kidogo kinaokoa muda mwingi pale majaribio yanapokuwa mengi. Fermat mwenyewe alitoa mfano wa 2,027,651,281, ambao unahitaji majaribio kumi na mawili, kuanzia 45,030 hadi 45,041, ndipo zinatokea 44,021 na 46,061.

Sasa kwa nini tusianze na njia hii tangu mwanzo? Kwa sababu ni ya haraka pale tu vigawo vinapokuwa karibu. Vyetu vimeachana kwa 196 tu. Chukua 4,294,967,297, ambayo mwanahisabati Leonhard Euler aliipasua mwaka 1732 kuwa 641 × 6,700,417. Ukigawanya kwa namba tasa moja moja, unafika 641 kwenye namba tasa ya 116. Ukitumia njia ya Fermat, katikati ya vigawo hivyo iko 3,350,529, wakati kipeuo ni 65,536 na ushei mdogo mno. Hata ukiruka shufwa zote, ungejaribu zaidi ya mara milioni moja na nusu. Ndiyo maana ninasisitiza mpangilio: kwanza gawanya kwa namba tasa ndogo, kisha jaribu Fermat kwa hatua chache, na ikigoma ndipo urudi kugawanya.

Jambo hili si la daftarini tu. Mfumo wa RSA wa kuficha ujumbe kwa funguo za namba, uliotokana na kazi ya Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, unategemea ugumu wa kuipasua namba iliyotokana na kuzidisha namba tasa mbili kubwa. Anayetengeneza funguo hizo akichagua namba tasa mbili zilizokaribiana mno, yeyote anaweza kuzifungua kwa njia uliyoitumia sasa hivi, hata kama namba ina mamia ya tarakimu.

Hatua ya 5: Hakiki, usijiamini

Kwanza hakiki kuzidisha. Jumlisha tarakimu hadi ibaki moja: 3,607 inatoa 16, kisha 7. 3,803 inatoa 14, kisha 5. 7 × 5 = 35, kisha 8. Na 13,717,421 inatoa 26, kisha 8. Zimekubaliana. Uhakiki huu haukamati tarakimu zilizobadilishana nafasi, basi ukitaka uhakika zidisha kabisa: 3,607 × 3,800 = 13,706,600; 3,607 × 3 = 10,821; jumla 13,717,421.

Kisha thibitisha kwamba 3,607 na 3,803 ni namba tasa. Vipeuo vyake vya pili viko kidogo juu ya 60 na 61, kwa hiyo tungepaswa kujaribu namba tasa zote hadi 59 kwa ya kwanza, na hadi 61 kwa ya pili. Lakini chukua ile orodha ya pembeni. Chochote kinachoigawanya 3,607 kingeigawanya pia 13,717,421, na tulikwisha kuondoa kila namba tasa hadi 37. Zinabaki chache tu. Kwa 3,607: 41 inaacha baki 40, 43 inaacha 38, 47 inaacha 35, 53 inaacha 3, 59 inaacha 8. Kwa 3,803: 41 inaacha 31, 43 inaacha 19, 47 inaacha 43, 53 inaacha 40, 59 inaacha 27, 61 inaacha 21. Imekwisha. Zote mbili ni tasa.

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Hatua ya 6: Soma tabia za namba kutoka kwenye vigawo vyake

Hapa ndipo jasho linapolipa, maana ukishakuwa na mstari huo mmoja maswali mengi yanajijibu.

*Vigawo vingapi?* Ongeza 1 kwenye kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 2 kwenye 3²; pasipoandikwa kitu ni 1), kisha zidisha: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48.

*Jumla ya vigawo vyote?* (1+2) × (1+3+9) × (1+5) × (1+3,607) × (1+3,803), yaani 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804 = 3,211,610,688. Ukiitoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinafika 1,977,042,798, zaidi ya namba iliyovizaa. Linganisha na 6, ambayo vigawo vyake 1, 2 na 3 vinajumlika kuwa 6 kamili.

*Namba ngapi kuanzia 1 hadi hapo hazina kigawo cha pamoja nayo isipokuwa 1?* 1 × 6 × 4 × 3,606 × 3,802 = 329,040,288, zaidi kidogo ya robo.

*Je, ni jumla ya miraba miwili?* Hili ndilo nilipendalo. Fermat alisema, na Euler akathibitisha, kwamba namba inaweza kuwa jumla ya miraba miwili ikiwa kila kigawo tasa chenye baki 3 kwa 4 kimo mara shufwa. Yetu ina 3 mara mbili, sawa. Lakini 3,607 inaacha baki 3 kwa 4, na imo mara moja. 3,803 nayo vivyo hivyo. Jibu ni hapana. Na tazama namna zilivyojificha: baki 3 mara baki 3 ni 9, ambayo kwa 4 inaacha 1. Ndiyo maana 13,717,421 kwa nje ilionekana ina baki 1, haina tatizo lolote. Bila kuipasua usingejua. Kwa miraba mitatu inawezekana, kwa kuwa namba yetu inaacha baki 2 kwa 8, na kanuni ya mwanahisabati Legendre inazuia tu namba zenye baki 7 kwa 8, pamoja na hizo zikizidishwa kwa 4 mara moja au zaidi.

*Je, ni namba ya pembetatu*, yaani jumla ya 1+2+3 na kuendelea hadi mahali fulani? Zidisha kwa 8, ongeza 1, uone kama unapata mraba. Mara 8 inatoa 9,876,543,120, tarakimu zikiwa zimeshuka kama ngazi isipokuwa mwishoni, ambako 2 na 1 zimebadilishana nafasi. Ongeza 1: 9,876,543,121. Mraba wa 99,380 ni 9,876,384,400 na wa 99,381 ni 9,876,583,161. Yetu imeangukia katikati, basi si ya pembetatu.

Ukiizidisha kwa 81 unapata 99,999,999,090, pungufu ya bilioni mia moja kwa 910 tu.

Namba za kujaribia mwenyewe

Jirani yake, 1,234,567,891, ni namba tasa. Kuithibitisha kwa kugawanya kunahitaji ufike namba tasa zilizo karibu na 35,136, kwa hiyo kazi hiyo mwachie kompyuta.

Jaribu 987,654,321. Kwanza iandike hivi: 8 × 123,456,789 + 9. Kutoka hapo utaona papo hapo kwamba kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili ni 9. Toa 9, kisha jaribu 17, na ikiingia jaribu tena 17. Kitakachobaki ni 379,721. Fermat hatakusaidia hapo, na kugawanya kwa namba tasa hadi 613 kutakuonyesha kwa nini.